Chai ya Oydin Iliyojaa Pomoni

Binti yangu Oydin ana usonji, na hapa Margilan mtaa mzima unajua, kwa kuwa huwaambia mwenyewe kabla hajaulizwa. Ni fundi wa magodoro ya pamba. Harusini huvaa viziba masikio vyekundu vya dereva wa trekta, na huwapita dada zake wote kwa kucheza. Ukoo wetu umetoa mahakimu na walimu, kwa hiyo yalisemwa mengi. Waliosema niliwajibu mmoja mmoja.

Elmurod, fundi wa majokofu, alimpenda siku binti yangu alipomwambia kwamba anaimba vibaya. Oydin naye akamtaka huyo huyo, hataki kusikia la mwingine. Basi mama yake Elmurod, Bi Mastura, akaja kuposa pamoja na mdogo wake, Bi Hojar. Kwetu posa ikikubaliwa, mkate huvunjwa. Usipovunjwa, hakuna ndoa.

"Mwanangu," nilimwambia jikoni, "mimina chai kidogo kidogo. Kibakuli kikijaa, mgeni anaambiwa aende zake."

"Kwa nini asiambiwe kwa mdomo?"

"Oydin!"

Akaenda, akavijaza vibakuli pomoni.

Bi Hojar akadaka mkoba wake. "Dada, inuka! Tumefukuzwa!"

"Nani kawafukuza?" Oydin akashangaa. "Mama kanikataza kujaza, lakini mmetoka mbali, mna kiu. Mimi nina usonji, shangazi. Birika langu halina mafumbo. Nikitaka mtu aondoke, namwambia ondoka."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Haya," akasema Bi Mastura, "unataka tuondoke?"

"Wewe baki. Huyu akakae uani, marashi yake yananipasua kichwa."

"Ebo! Marashi ya bei yote hii?" Bi Hojar akatoka ameinua pua.

Bi Mastura alicheka hadi chai ikammwagikia mapajani. "Nami yamenitesa garini njia nzima! Wake wa wanangu wawili kila kitu 'ndiyo, mama', sijui wananipenda au wananiombea kifo. Huyu nitajua."

"Kwa sasa sikujui vya kutosha," Oydin akamwambia. "Ila unacheka vizuri."

Bi Mastura akauvuta mkate, akauvunja vipande viwili.

"Mmevunja?" Bi Hojar akauliza kwa sauti kutoka uani.

"Tumevunja, shangazi!" Oydin akamjibu. "Njoo ule. Lakini ukae dirishani."