Mbegu Niliyoitwanga Muthokoi

Siku moja ninaikumbuka kwa uchungu, mwanangu. Nilisimama katikati ya shamba letu karibu na soko la Tulia, mahindi yamenipita kichwa, na kila hindi nililomenya halikuwa na punje. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne wanaongoja kula.

Hayo niliyaleta mwenyewe, kwa kusaidiwa. Kabla ya mvua, Nzioka, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, alimleta Musembi mwenye duka kwenye mkutano. Tukaambiwa mbegu zetu zimezeeka, za pakiti zinazaa mara mbili. Nikarudi nyumbani, nikashusha mahindi ya mbegu ambayo mamangu alikuwa ametundika juu ya moshi wa jikoni, nikatwanga muthokoi, yale mahindi ya kutolewa maganda tunayopika na maharagwe.

Mama alionja kijiko kimoja, akaweka sahani chini.

"Umepika mbegu?"

"Mwaitu, mama yangu, tunaletewa mpya."

"Hiyo mpya imewahi kuona jua la huku?"

"Nzioka amesema ni nzuri."

"Nzioka analala njaa kwako?"

Nilicheka. Nilimwona mama amepitwa na wakati.

Nikanunua mbegu ya Musembi, nikapanda. Mvua ilipokatika, mahindi yangu yalikuwa bado yanarefuka. Jirani aliyesoma ndiye aliyenisomea ile pakiti: mbegu ya nyanda za juu, kule mvua inakaa miezi. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Musembi alijua anachouza. Nzioka naye anasoma vizuri, na kwake alipanda mbegu yake ya zamani. Alivuna.

Tulipona kwa sababu mama alienda kwa dadake upande wa mji wa Wote, akarudi na kibakuli kimoja cha mbegu, tukaipanda mvua iliyofuata. Wengine walirudi kwa Musembi, naye akapandisha bei atakavyo, maana hakuna aliyebaki na mbegu yake hata aweze kumkatalia.

Sasa sikiza, mwanangu. Mahindi yetu ni mafupi, lakini yanachanua mapema, kwa sababu miaka yote tuliweka mbegu ya yale yaliyovumilia jua. Chukua kipya ukitaka, lakini kijaribu kwanza pembeni ya shamba. Chako usikimalize, na usione haya kuomba usomewe. Mungu akupe mvua ya kutosha, na mdomo wa kukataa.

Nzioka bado ni mwenyekiti. Mkutano ujao nitasimama mbele ya watu nimuulize: ulisoma ile pakiti, ukapanda yako, mbona ukatuacha tupike zetu? Na sitaketi mpaka ajibu.