Bastola ya Arvil Haipiti Posta

"Hakusema," alisema Jewell, akautua mkoba wake juu ya kaunta kama mtu anayeziba njia. "Mimi nilikaa kichwani mwa kitanda chake, wifi, wewe upande wa miguuni. Kaka yangu angelitaja jina la mwanao Rondal, masikio haya yangelipata kabla ya yako."

"Alisema ulipokwenda kuchota maji," Oleta akajibu.

"Maji gani? Bomba limo chumbani humo humo."

Twyla, mwenye duka la bunduki na chambo, hakutaka kuingilia. Alikuwa amefunua kopo la keki alilokuja nalo Oleta, kopo kubwa la bati lenye picha ya theluji kwenye kifuniko. Ndani, chini ya taulo la jikoni na vipande vya tufaa vilivyokaushwa, ililala bastola ya marehemu Arvil, mpini wake umelainika kwa viganja vya wanaume watatu. Kando yake palikuwa na risasi sita zimefungwa kwenye leso.

"Bibi Oleta," Twyla akasema, "na risasi pia?"

"Mtu hampi mwenzake kinu akamnyima mchi."

"Na hivi hivi ukaenda nayo posta?"

Alikwenda nayo. Asubuhi ile ile alisimama foleni nyuma ya mtu mwenye vifaranga, na zamu yake ilipofika yule bwana wa posta akamuuliza kama anavyomuuliza kila mtu: kuna kitu cha majimaji, cha kuvunjika, cha kuoza au cha hatari? Oleta hakuwahi kumdanganya mtu aliyevaa sare. Akajibu kwamba cha kuoza hakuna, matufaa aliyakausha mwenyewe juu ya paa, na hiyo bastola ya Arvil haivunjiki, ilishaanguka kisimani mara mbili. Yule bwana akalisukuma kopo kwa kidole kimoja, taratibu, kana kwamba ndani mna nyoka anayelala. Akasema bastola ya mtu binafsi haipiti posta, hata kwa ndugu, hata kwa mwanao wa kumzaa. Akamwambia aende kwa Twyla, na akamwomba kwamba wakikutana kanisani wote wawili wawe wamesahau.

Jewell aliisikia habari hiyo kabla Oleta hajashuka ngazi za posta. Katika milima ile ya mashariki ya Kentucky habari haina haja ya gari. Alipofika dukani, wifi yake alikuwa ndio kwanza anavua glavu.

Oleta alikuwa na miaka sabini na tisa. Alizaliwa kwenye bonde jembamba kiasi kwamba jua likitaka kuingia huingia kwa ubavu, akaolewa na Arvil akiwa na miaka kumi na minane, akahamia bonde la pili ambalo halikuwa pana zaidi. Kwa miaka arobaini na moja aliamka kabla ya jogoo akamkaangia mchimba makaa wake nyama na mikate, akamfungia kopo la chakula, akasimama mlangoni mpaka taa ya kofia yake izame kwenye kona. Mashati aliyofua yalitoa maji meusi hata samaki wa kijito chao wakawa wanakohoa. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akimpinga mumewe, si kwa sababu Arvil alikuwa mkali. Arvil alikuwa mchoyo wa maneno. Mwaka wa mafuriko makubwa alisema maneno kumi na moja, na saba kati ya hayo alimwambia nyumbu. Utampingaje mtu ambaye hajasema?

Katika ukoo wa Arvil, mzaliwa wa kwanza anapoteremka mgodini mara ya kwanza, baba yake humwekea bastola ya babu kando ya sahani ya asubuhi. Hakuna hotuba. Kijana anaichukua, anamaliza kahawa yake, anakwenda. Rondal aliwekewa akiwa na miaka kumi na tisa. Alipofika ishirini na tano ukaja mgomo, ukaingia mwezi wake wa nane, na mwanawe mchanga alikuwa anapumua kama filimbi iliyopasuka. Dawa haikununuliwa kwa nyimbo za chama cha wafanyakazi. Siku moja Rondal akainamisha kichwa, akapita katikati ya wagomaji pale langoni, akaingia kazini. Baba yake alikuwa amesimama palepale, bango mkononi.

Jioni Rondal alipopitia nyumbani kwa wazazi alikuta sahani yake imewekwa mezani, tupu. Arvil alikuwa anaitazama ile sahani. Rondal akaelewa. Akaitoa bastola, akailaza kando ya sahani, akatoka. Wiki haikwisha akawa amehamia Ohio.

Hiyo ni miaka thelathini na minne. Ohio si mwezini, ni mwendo wa saa tano kwa gari. Arvil hakumkataza mkewe kwenda. Ila kila Oleta alipotaja safari, mzee alitoka nje kupasua kuni, na nyumba yao ikawa na kuni nyingi hata ukitazama dirishani huoni mvua. Basi Oleta akawa anatuma makopo. Kila Krismasi alioka keki ya matabaka ya tufaa, akaifunga kwenye taulo la jikoni, akaipeleka posta. Mtoto yule wa mapafu alipona, akakua, akazaa, na vitukuu hao Oleta aliwajua kwa picha tu. Ndiyo maana, Arvil alipokufa na Rondal akatuma maua badala ya kuja, mkono wa Oleta ulikwenda wenyewe kwenye kopo. Hakujua njia nyingine ya kumfikia mwanawe.

"Sasa nieleze," akamwambia Twyla. "Inakwendaje?"

Twyla akavuta kiti. "Mimi nina leseni ya kuuza silaha, kwa hiyo mimi naweza kuituma. Lakini siitumi kwake. Inakwenda kwa duka lenye leseni huko Ohio, karibu na anapokaa, na kabla sijaifunga nipate nakala ya leseni yao. Haiendi na risasi. Nje ya sanduku hapaandikwi chochote cha kuonyesha kilichomo. Kampuni ya mizigo itataka huduma ya kufika kesho yake, karibu dola tisini, na bima juu."

"Tisini? Arvil mwenyewe alipelekwa makaburini kwa chini ya hapo, na alikuwa mzito."

"Ada yangu sikutozi. Duka la kule litamtoza Rondal thelathini hivi. Na bibi, ni lazima aende mwenyewe. Aonyeshe kitambulisho, ajaze fomu kwa mkono wake, waipigie simu serikali achunguzwe, ndipo akabidhiwe."

"Hamna namna ya kumfikia tu mlangoni? Afungue, aikute?"

"Hamna. Lazima kwanza akubali. Yeye ndiye atakayenitajia duka."

Oleta akalivuta kopo karibu naye. Alikuwa ametegemea kopo. Kopo halimuulizi mtu kitu, anafungua na jambo limeshakwisha.

"Naona hata serikali ina akili," Jewell akasema. "Nimkumbushe wifi, Twyla, au utamkumbusha wewe? Mume wangu Clell baada ya mgomo ule alikaa barazani miaka tisa bila kazi, mpaka ndege wakawa wanatua juu yake. Kwa sababu ya vijana kama huyo waliopita langoni. Halafu huyu anataka kumpelekea heshima ya ukoo, na kwa kumsingizia marehemu."

"Mtoto wake alikuwa anakufa, Jewell."

"Na wa kwetu walikuwa wananenepa?" Jewell alisema hivyo kwa sauti ya chini, akatazama pembeni. Kisha akarudi. "Kama ulimtaka sana mwanao ungejituma mwenyewe. Mtu kwenda kwa mwanawe hahitaji fomu."

"Kulikuwa na Arvil."

"Ndiyo. Wewe sheria hiyo uliifuata vizuri."

Twyla akakohoa. "Mimi fomu zangu zina maswali mengi, lakini hakuna linalouliza marehemu alisema nini. Mke ndiye mrithi. Bastola ni yako, Bibi Oleta, na ukitaka kuituma ni haki yako. Nimpigie?"

Oleta akatikisa kichwa kukubali. Twyla akapiga, akailaza simu katikati ya kaunta, sauti imefunguliwa, maana Oleta husikia kwa sikio moja. Ikaita mara nne.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kibaya. Kibaya tulishakizika." Akapitisha kiganja juu ya taulo la jikoni. "Nataka kukutumia kitu cha baba yako. Wanasema utaje duka la bunduki la huko kwenu, wao ndio watakupa."

Kwenye simu kulisikika mlango ukifungwa, kama mtu aliyejitenga na watu wake.

"Ile?"

"Ile."

"Nani kasema niletewe?"

"Baba yako. Siku ile ya mwisho."

"Alisemaje? Niambie kwa maneno yake."

Wiki tatu Oleta alikuwa anayatunga maneno hayo, akiosha vyombo, akikunja nguo za marehemu za kugawa. Akafumba macho, akayatoa yote kwa mkupuo: "Alisema, 'Oleta, mwambie mwanangu mpendwa nilikosea, moyo wangu haukuwahi kumwacha hata siku moja, na hii ni yake tangu leo.'"

Jewell akaguna, kama aliyemwona mtoto akiruka mtaro akatumbukia.

"Mama," Rondal akasema polepole, "hayo ni karibu maneno ishirini."

Hakuna aliyecheka.

"Mtu akikata roho ulimi hulegea," Oleta akasema.

"Baba?"

Twyla alikuwa anaikunjua leso ya risasi na kuikunja tena bila sababu.

"Shangazi Jewell yupo hapo? Nimesikia mtu akiguna."

"Nipo."

"Ulikuwepo. Alisema?"

Jewell alimtazama wifi yake. Oleta hakuinua uso. Alikuwa ameshika ukingo wa kopo kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Jewell akautazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga.

"Masikio yangu siku hizi ni mabovu, mwanangu," akasema. Tangu mgomo hakuwahi kumwita hivyo.

Rondal akashusha pumzi ndefu, na dukani wote wakaisikia.

"Sheria hiyo ya bunduki ni nzuri, mama. Inataka mtu asimame mbele ya mtu aseme ndiyo, hiki ni changu, nakitaka. Mimi siwezi kwenda kusimama pale nikaseme hivyo. Angeniwekea yeye mwenyewe mezani, ningekuja kwa miguu. Sasa nitaichukua kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwangu. Twyla kasema ni yangu. Mimi ndiye ninayekupa."

"Wewe hukuninyang'anya, mama. Huna cha kurudisha. Mpe Twyla aiuze. Sitaki ije huku. Wajukuu zake huku hawajui hata jina la mgodi."

Oleta akalivuta taulo, akaifunika bastola kama unavyofunikwa mkate usipoe. Alionekana amemaliza. Jewell akamgusa kiwiko, waende zao. Lakini Oleta akainama karibu na simu, karibu sana, hata pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Nilikuwa jikoni," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Sahani niliiweka mimi. Alinionyesha kwa kidole niiweke, nami nikaiweka. Nikarudi jikoni nikashika sufuria ya maharage, na wewe ukapita ukatoka, na mimi nimeshika sufuria. Nilikuwa na mdomo, Rondal. Sikuwa bubu mimi."

"Najua," sauti ikasema. "Nilikuona."

Jewell aliuondoa mkono wake kiwikoni. Twyla akaacha kuikunja leso.

"Uliniona?"

"Nilisimama kwa nje, pale kwenye ngazi. Muda mrefu tu. Nilidhani utatoka."

Oleta akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta.

"Mwanangu, mimi siku ile nilitaka—"

Mlango ukasukumwa kwa goti. Akaingia mzee Burl wa kule juu ya kijito, matope mpaka magotini, ndoo tupu imening'inia mkononi.

"Twyla," akasema, "minyoo ya kuvulia ipo leo?"