Supu ya Boga Iliyopita Mlangoni Pangu

Iko siku moja ya Riyadh ambayo naikumbuka hata nikijaribu kuisahau, mwanangu. Ilikuwa adhuhuri, nami nimeketi mlangoni pa chumba cha dereva nikimtazama Mwende akivuka ua na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Nilijua kilichomo kwa harufu: supu ya boga, ile laini yenye krimu. Akanisalimu vizuri, "Habari ya mchana, mzee," akanipita, akaenda kumpa bawabu.

Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa kijana. Wazee wengi wakitoa nasaha husema walikosea kwa utoto. Mimi nilikuwa nimepita hamsini, nina mvi, nimesoma hadi kidato cha nne, nina wakwe wanaonipigia simu kuomba ushauri. Miaka ile vijana wetu walikuwa wakienda Saudia kwa makundi, nami nikaenda nao kuendesha gari. Kosa langu nililifanya na akili zangu timamu.

Mwende alikuwa mpishi wa nyumba niliyoiendeshea gari, mama wa mtoto mmoja, Kasyoka, mtu wa kwetu Kitui. Bawabu alikuwa Msudani mzee, Am Idris, yaani Ami Idris, aliyekaa kwenye lango lile tangu mwenye nyumba akiwa mtoto. Na hapo ndipo wivu uliponishika. Mimi ndiye Mkenya mwenzake! Mimi ndiye niliyemnunulia vocha ya simu kule Al-Sulimaniyah kila nilipotumwa dukani. Halafu naletewa wali na kuku kama kila mtu, na Msudani asiyejua hata kusema "asante" kwa Kiswahili anapikiwa chake peke yake. Tena kila akipokea bakuli alijifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Nikasema moyoni, huyu anaficha tabasamu.

Kwa siku nane nilihesabu mabakuli. Ndiyo, mtu mzima. Nilikuwa nikiacha kufuta gari ili nione kama ameongezewa. Siku ya tisa, nikimpeleka sokoni madam, mke wa mwenye nyumba, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba Mwende anampikia bawabu chakula cha pekee. Hilo lilikuwa kweli. Ningenyamaza hapo, pengine madam angecheka tu. Lakini nikaongeza, "Na wanaongea sana pale langoni." Hilo halikuwa kweli, na nilijua litafika wapi. Katika nyumba zile, mfanyakazi wa kike akisemwa hivyo, ni nadra mtu kumuuliza upande wake.

Madam hakupiga kelele. Baada ya siku tatu akaniambia niandae gari. Bibi mzee, mama yake, alikuwa akienda Jeddah kwa binti yake mwingine, na Mwende angebaki huko kufanya kazi. Halas, ndiyo basi.

Tuliondoka kulipokucha. Bibi mzee alisinzia kabla hatujatoka mjini. Mwende, aliyeketi kando yake kiti cha nyuma, alingoja hadi pande zote zikawa mchanga mtupu. Ndipo akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mzee Musyoka, najua ni wewe."

"Mama Kasyoka, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze. Na usiniombe msamaha saa hii, utaanza kulia na wewe ndiye umeshika usukani. Mimi nina mtoto wa kulea. Am Idris aling'olewa meno sita ya juu. Hukujua?"

Sikujua.

"Mnaishi ukuta kwa ukuta na hukujua? Mimi nilijua kwa sahani. Wali ulikuwa unarudi vile ulienda. Nyama inarudi. Nikamuuliza, akafungua kilemba akanionyesha. Anaona haya, mzee wa watu. Sasa sikiliza, kwa sababu ukirudi wewe ndiye utampikia."

Nikasikiliza. Ningefanya nini? Alinifundisha supu ile kama anayemtuma mtoto dukani, kila hatua ananiambia niirudie mwenyewe. Boga usilichemshe ndani ya maji, ladha yote itabaki majini. Likate vipande viwili, toa mbegu, lioke na ganda lake mpaka kingo zianze kuungua.

"Mimi sina oveni," nikasema.

"Basi lipike kwa mvuke, lakini ganda usitoe mpaka liive. Kitunguu ukikaange kwa siagi, moto mdogo, kilainike bila kubadilika rangi. Ukiwa na haraka siku hiyo, wacha, usipike."

"Na blenda pia sina."

"Chujio la chai unalo? Utalisukuma boga humo kwa mgongo wa kijiko mpaka lipite lote. Mkono utachoka. Wacha uchoke."

Maji ya moto aliniambia nitie kidogo kidogo, nikikoroga. Kungumanga, mkwaruzo mmoja tu. Pilipili kamwe, kwa sababu ya vidonda. Krimu iwe ya mwisho, sufuria ikiwa imeshashuka motoni. Niliyasema yote mara tatu kabla hajaridhika, kisha hakusema nami tena hadi Jeddah.

Jua lilikuwa bado halijatua tulipofika. Nikamteremshia begi, nikafungua mdomo. "Mpikie kwanza," akaniambia. Dada yake madam alikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono, akachukua simu ya Mwende. Uongo wangu ulikuwa umefika kabla ya gari. Simu hiyo ndiyo iliyomletea sauti ya mtoto wake kila Ijumaa.

Niliporudi Riyadh nikapika. Siku ya kwanza nilitia krimu supu ikitokota, ikakatika ikawa vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Nikaimwaga. Siku ya pili kitunguu kiliungua. Siku ya tatu ikakubali, nzito na laini, nikaipeleka langoni. Am Idris alishusha kilemba mbele yangu kwa mara ya kwanza. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba. Akaonja, akaniuliza Mwende amekwenda wapi, maana yeye aliambiwa tu amesafiri.

Nikamweleza yote. Nilingoja anitupie bakuli. Hakulitupa. Alikula hadi mwisho, taratibu, kisha akanirudishia akasema, "Mimi hukuniambia uongo. Ulimwambia madam. Maneno haya mpelekee yeye."

Nilikaa siku mbili nikiogopa. Ya tatu, kabla madam hajaingia garini, nikamwambia: "Madam, nilisema uongo. Pale langoni mafi, hakuna maneno yoyote. Nilikuwa na wivu wa supu."

Akanitazama sana. "Wa supu?"

"Wa supu, madam."

Ameshapata mpishi mwingine, alisema, Mwende hatarudi. Mimi nisiwapeleke watoto shule tena. Na ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilipokwisha haikufanywa upya. Lakini alimpigia dada yake simu papo hapo, nimesimama nasikia, akamwambia amrudishie Mwende simu yake.

Ijumaa ile Mwende akanipigia. "Nimeongea na Kasyoka. Anajua kuandika jina lake sasa."

"Mama, nisamehe."

"Bado. Nyumba hii ina watu kumi na wanne na mpishi ni mimi peke yangu. Bado, mzee. Am Idris anakula?"

"Anakula."

"Haya, endelea kumpikia."

Niliendelea hadi alipowekewa meno mengine. Msamaha sikuusikia kamwe, na simlaumu.

Mwanangu unayefunga begi kwenda kwa watu, wivu utakujia, na utakujia juu ya kitu kidogo cha aibu ambacho huwezi kumwambia mtu. Ukiona mwenzako amepewa usichopewa wewe, nenda ukamuulize ana shida gani, kabla hujauliza ana bahati gani. Jina la mfanyakazi mwenzako usiliguse mbele ya bosi. Na ukishaliharibu, usijifiche kwa kutubu pembeni. Rudi kwa yule yule uliyemwambia, ukaseme wazi ulikuwa na wivu wa nini, hata kama utachekwa, hata kama kazi itakwenda. Usichelewe kama mimi, kwani kuna vitu havirudi.

Mungu akutangulie, akupe nyumba yenye watu wa huruma, na akurudishe kwetu ukiwa huna mtu huko nyuma unayeona haya kumpigia simu. Amina.