Mnara Uliokaribia Kuvunja Posa

Nikiwa Doha kwa binti yangu muuguzi, nilipanda basi la mtaa wa Muaither nikaketi nyuma ya yaya mmoja, msichana wa kwetu Kenya. Alikuwa akiongea na mama yake kwa simu, spika wazi. Sikutega sikio, lilikwenda lenyewe.

Msichana hakutulia. Mara akunje nne, mara aikunjue, mara afungue mkoba aufunge.

“Mama, ule mnara si wa msikiti. Bosi alitupeleka Ulaya likizo. Ni wa kanisa la kale, watu huupanda kutazama mji.”

“Meseji yako ilisema, ‘Nimepanda mnara.’ Hapa kwetu mnara ni mmoja, nao ni wa kuadhinia. Nikamwambia mchungaji umebadili dini, naye akamwambia mchumba wako. Wazee wake walikuwa waje Jumamosi kuleta posa. Sasa wamesita.”

“Mama jamani. Nilipanda zile ngazi zote na mtoto wa bosi mgongoni, amenikaba shingo.”

“Na huko juu uliona nini?”

“Viatu vyangu. Niliogopa kuinua kichwa.”

“Hapo nimekuamini. Mwongo angeuona mji mzima. Kata, niwapigie wazee.”

Msichana akaegemea kiti, akafumba macho. Mimi kituo changu kilishapita zamani. Nilipofika nyumbani nilimpigia dada yangu Nakuru, nikamwambia kuna msichana wa kwetu huku Uarabuni amepanda mnara. Hakuuliza mnara gani, nami sikumwambia.