Mchochea Moto wa Tanuru la Jirani

Tumboni mwa meli iendayo New York, Gaffney alimwonea kijicho mchochea moto wa tanuru la jirani. Jamaa hutema mate viganjani, akarusha makaa kama anayelisha kuku, akamaliza wenzake wakiwa bado wanahema. Nyama yake huikaanga juu ya beleshi, huku akipiga mluzi.

“Karibu, ndugu yangu.”

“Kula mwenyewe.”

Gaffney alijifariji kwa moja tu: moto wake nao haukuwahi kulegea. Leo alipogeuka ghafla kutoka kwenye ndoo ya maji, alimkuta yule bwana ameinama mbele ya tanuru la Gaffney, anauchokoa moto taratibu.

“Umeanza lini?”

“Tangu tutoke Liverpool. Ulikuwa unasinzia, bwana.”

Heri angemkuta anamwibia makaa.