Mbayuwayu wa Barazani Kwetu

Enzi zetu pale Munje hatukuhitaji kalenda kujua vuli imekaribia. Mbayuwayu walikuja makundi kwa makundi, wakajipanga kwenye nyaya za barabara ya Msambweni, nasi tukitoka chuo cha Kurani tulikimbia chini yao mikono tumeitandaza, mashavu yamejaa kashata. Masika yakikaribia walikusanyika tena, wakapiga kelele kutwa, halafu asubuhi moja tukaamka nyaya ni tupu. Mama alisema wamekwenda kwao.

Lakini walikuwapo wengine, wenye vifua vya mistari, waliobaki nasi. Hao mvua ikianza walichota tope kwa midomo, tonge kwa tonge, wakajenga kiota chenye shingo kama ya mtungi kwenye dari ya baraza letu.

Mwaka alioolewa dada yangu Mwanasiti, harusi iliangukia masika. Baba alileta fundi wa kupaka chokaa, akamwambia kwanza abomoe kile kiota. Mwanasiti alikuwa amewekwa ndani kama ilivyo ada, bibi harusi asionekane na watu. Fundi alikuwa keshapanda ngazi tulipomwona dada anatoka, kanga kichwani, akaishika ile ngazi kwa mikono miwili. Shangazi alimvuta arudi ndani. Hakuiachia.

"Baba, mimi naondoka nyumba hii kwa nikahi na dua," alisema taratibu. "Hawa watoto wataondoka kwa nyundo?"

Baba hatukuwahi kumwona akirudi nyuma kwa neno lake. Alimtazama binti yake, akatazama juu kule makinda walikokuwa wakilia, kisha akamwambia fundi ashuke.

Kona ile ilibaki bila chokaa. Siku ya harusi mjomba wa bwana harusi alidondoshewa uchafu kwenye kanzu yake mpya, na Baba, uso mkavu kabisa, akamhakikishia kuwa hiyo ni baraka. Mwanasiti akaenda kwa mumewe Msambweni. Makinda walipoanza kuruka, Baba mwenyewe alipanda baiskeli kwenda kumwarifu. Mama alicheka, akasema hajapata kumwona mzee yule akienda ugenini bila kualikwa.

Siku hizi dari ni za jasi, laini, tope halishiki. Nyua zimefunikwa matofali ya kabro, hata hilo tope lenyewe ni la kutafuta. Vijana wetu wakiwaona mbayuwayu huinua simu wakapiga picha, kisha wakaniuliza kama hao ni popo.

Mimi nyumbani kwangu Ukunda nimeng'oa kabro kwenye pembe moja ya uwanja. Mvua ikichelewa napamwagilia maji kila asubuhi mpaka pawe tope, na ndege wanakuja kuchota. Wanangu wananung'unika kuwa tope litachafua gari. Nawaambia gari huoshwa.