Waini Nyeupe Niliyomnunulia Mama Kabula

Admin, nifichie jina, maana Bariadi ni ndogo na kitambi changu kinajulikana. Nina miaka hamsini na mitatu. Nalima pamba kule Nkoma, nina ng'ombe wachache, na nina mke mmoja ambaye sijui kama bado ni wangu. Tumwite Mama Kabula, ingawa si jina lake. Mtakaocheka chekeni, nimezoea, ila mkimaliza mnisaidie.

Mwaka juzi binti yetu alijifungua Dar, mke wangu akaenda kumsaidia kulea. Tulikubaliana arudi mtoto akishajua kukaa. Mtoto akakaa, akatambaa, akatembea, sasa hivi anaimba matangazo ya redio, na bibi yake hajarudi. Nikipiga simu naambiwa, "Nakuja Baba Kabula, ngoja kidogo." Kumbe kule amefungua kibanda cha kushona, amepata wateja na mashoga. Siku moja nikaona picha kwenye status yake. Wako mezani wanacheka, kwenye sahani kuna kuku ndani ya mchuzi mweupe mzito, pembeni glasi ya kitu cha njano. Chini ameandika, "Jumapili yetu." Nikaisoma hiyo "yetu" mara nyingi, nikijitafuta humo ndani.

Mwezi uliopita akasema anakuja kutusalimia, mimi na mama yangu mzazi ninayeishi naye. Nikajisemea, kama kinachomshika kule ni kuku wa krimu na waini, basi atavikuta hapa.

Nikaenda grosari. Mimi waini ninayoijua ni ile nyekundu tamu ya kwenye sherehe, nikaishika. Dada anayeuza akaniuliza, "Baba, utakula na nini?" Nikamwambia kuku wa krimu. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Kuku wa krimu anataka nyeupe, tena kavu. Hiyo tamu utaharibu chakula, itakuwa kama unakunywa soda na wali."

"Kavu ndiyo ikoje?"

"Haina sukari, baba. Inakata yale mafuta ya krimu. Iweke kwenye friji."

Nikachukua nyeupe, na ile tamu pia nikaificha chini ya mfuko, kwa woga wangu. Nyumbani nikaonja nyeupe. Ndugu zangu, uso ulijikunja nikadhani imeharibika, nikataka kuirudisha. Nikakumbuka maneno ya yule dada, nikaitia kwenye friji.

Krimu niliengua mwenyewe juu ya maziwa ya ng'ombe wangu. Kuku alikuwa wa kienyeji, tena jogoo mwenye kiburi, ilibidi nimchemshe tangu mchana kabla ya kumtia kwenye krimu na vitunguu. Mama yangu alikuwa akisikia harufu anauliza, "Leo nani anaolewa humu?" Nikamlisha yeye kwanza, akaenda kujilaza.

Kisha nikaandaa meza ya watu wawili. Hilo nalo lilikuwa geni. Miaka yote ya ndoa yetu mimi nimekula sebuleni na wageni wangu, yeye jikoni na watoto.

Mama Kabula alipofika jioni ile akakaa, akaonja waini, akafumba macho. "Hii ndiyo yenyewe. Bariadi umeipata wapi?" Nilivimba kama chura. Nikanywa na mimi, akaona uso wangu, akacheka mpaka akashika meza. "Baba Kabula, unakunywa waini kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo." Sikuwa nimesikia kicheko kile ndani ya nyumba hii muda mrefu. Nikajua nimeshinda.

Ndipo nikaiopoa firigisi kwenye bakuli nikamwekea kwenye sahani yake. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na akiwepo mgeni wa heshima, anapewa yeye. Mke wangu alinipikia kuku wasio na idadi na hakuwahi kuigusa. Nilitaka ajue kwamba sasa naliona hilo.

Kicheko kikakatika. Akaitazama ile firigisi.

"Hii tunampa mgeni," akasema.

"Mayu, mke wangu, nilitaka kukuheshimu tu."

"Najua. Na umepika vizuri, sikutanii. Lakini afadhali umeanza wewe. Hilo neno nimetoka nalo Dar nikashindwa kulitoa. Mimi hapa sasa ni mgeni."

Nikamuuliza kama kuna mwanaume. Akasema hakuna, nisije nikahangaika kwa waganga. "Kule nina kazi yangu, nina watu wananisubiri mimi. Hapa nilikuwa nasubiri wewe urudi mnadani. Ukitaka njoo tukae kule. Mimi kurudi, hapana." Alikuwa analia, na mimi nilikuwa namsukumia kitambaa cha meza afutie macho.

Halafu akachukua kisu, akaikata ile firigisi katikati. Nusu akala, nusu akaiweka kwenye sahani yangu. Asubuhi nikamsindikiza stendi.

Kwenda Dar natamani. Ila mama yangu haoni tena. Nyumba hii anaijua kwa mikono, ukimsogezea hata kiti anapotea, na ameshasema hahami. Nikienda namwacha na nani? Nikibaki, nimemwachia mke wangu aende.

Ile chupa nyeupe ilibaki nusu. Kila jioni namimina kidogo, najizoeza, inazidi kuwa kali. Ile tamu sijaifungua. Na ile nusu ya firigisi niliila, ila mpaka leo sijui niliila kama mume anayeitwa amfuate mkewe, au kama mwenyeji anayeagwa na mgeni. Akina mama hasa, ninyi mnaojua, niambieni: alivyoikata vile alikuwa ananiambia nini? Na mimi nifanyeje?